Kamera za dijitali kwa Darasa la Tano: ninunue zipi, na nizitumieje na watoto 62?

MwlPangani

Habari zenu wakuu. Kamati ya shule imepitisha shilingi 1,000,000 za kununua kamera zitakazoshikwa na watoto wenyewe, siyo walimu. Ni shule ya msingi ya serikali, iko karibu kabisa na bahari. Darasa la Tano lina watoto 62. Kazi zenyewe ni za Sayansi (kuotesha mbegu, wadudu, aina za majani) pamoja na klabu ya mazingira, ambayo huwa inakwenda kwenye mikoko.

Umeme uko ofisini tu. Tuna kompyuta moja ya mezani na TV ya kichogo, projekta hatuna. Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi, kwa hiyo hiyo njia naiona imefungwa.

Naomba msaada kwenye haya: ninunue ngapi na za aina gani? Mtumba zinafaa? Zile za watoto za rangi rangi zilizojaa mtandaoni, zimeandikwa megapikseli 48, zina maana yoyote? Na darasa kubwa namna hii naliendeshaje bila vurugu?

---

FundiLenzi

Mwalimu, nianze na hizo za rangi rangi ili tuzitoe mezani. Ziache. Hiyo 48 ni hesabu ya programu: kihisi chake (kipande cha ndani kinachonasa picha) ni kidogo na cha megapikseli chache, halafu picha inavutwa iwe kubwa, faili linanenepa bila kuongezeka chochote cha kuonekana. Nyingi hazina fokasi inayosogea. Lenzi imefungwa mahali pamoja, kwa hiyo kitu kilicho karibu kuliko mita moja hivi kinatoka na ukungu. Sasa mdudu utampigaje kwa umbali huo? "Flashi" yake nayo ni taa ndogo kama ya tochi.

Nunua kamera tano, usizidishe. Watoto 62 hawawezi kutoka wote kwa pamoja hata ungekuwa na kamera 20. Nusu watoke, nusu wabaki wakiandika, kisha wabadilishane. Nusu ni 31, yaani vikundi vitano vya watoto sita sita na mmoja wa ziada. Na pesa usiimalize kwenye kamera: katika kila shilingi kumi, saba ziende kwenye kamera, tatu kwenye betri, chaja, kadi za kumbukumbu na mikoba. Shule nyingi hufanya kinyume, na ndiyo maana utakuta kamera nzima kabatini zisizo na betri.

Za aina gani? Tatu ziwe za kawaida zinazotumia betri mbili za AA. Kwenye mtumba tafuta Canon PowerShot A800, A1200, A1300 au A1400, au Nikon Coolpix L27, L29, L31. Ukitaka mpya, Kodak PixPro FZ45 nayo inakula AA mbili. Faida ya AA ni kwamba baada ya miaka mitano bado utazipata, wakati betri maalumu ya kamera iliyoacha kutengenezwa utauziwa feki au iliyovimba.

Ila siyo AA yoyote. Zile za bei ya chini za redio usizitie kabisa: lenzi itatoka nusu, nguvu itaisha, itakwama hapo hapo, na mtoto akiisukuma kwa kidole umepoteza kamera. Alkali ni afadhali lakini volti yake hushuka haraka kamera inapovuta umeme mwingi kwa mara moja (flashi, lenzi), hivyo kamera inadai betri imekwisha wakati betri hiyo hiyo ingeendesha saa ya ukutani miezi mingi. Nunua za kuchaji, NiMH, zilizoandikwa 1900 hadi 2100 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa), zile zinazotunza chaji hata zikikaa muda. Zilizoandikwa 3000 na kuendelea zikiwa za jina usilolijua, namba hiyo ni ya mapambo. Kamera tatu zinahitaji betri sita ndani na sita za akiba, jumla 12. Chaja iwe inayochaji kila betri peke yake. Inayochaji mbili mbili huacha moja imejaa na nyingine imechoka, na kamera inafuata iliyochoka.

Kamera mbili zilizobaki, kwa ajili ya mikoko, ziwe za kuzuia maji ambazo lenzi haitoki nje. Nikon Coolpix W100 au W150 zilitengenezwa kwa ajili ya familia na watoto: zinavumilia maji hadi mita 10 na kuanguka kutoka mita 1.8. Hizi zina betri ya lithiamu, EN-EL19, chukua mbili kwa kila kamera. Kuna moja zaidi, Olympus Tough (TG-5, TG-6), nzuri sana kwa wadudu maana inafokasi hadi sentimita 1, lakini bajeti yako itaumia.

Ukiwa dukani, kabla ya kulipa mtumba: washa na uzime mara tano ukiwa umetega sikio. Lenzi itoke na kurudi kwa sauti moja, isisage. Vuta zumu hadi mwisho, elekeza kwenye ukuta mweupe, piga picha tatu. Doa la kijivu linalokaa pale pale kwenye picha zote ni vumbi la ndani. Mulika lenzi kwa tochi kutoka pembeni; ukiona nyuzi nyuzi, hiyo ni fangasi, na kwa hewa ya pwani itaendelea kutambaa. Fungua mlango wa betri, kiangalie kibanio chake cha plastiki, ndicho huvunjika kwanza. Kutu ya kijani kwenye vyuma vya betri maana yake betri ilivujia humo. Mwisho fungua menyu uone lugha. Kamera nyingi za Sony zilizouzwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, na hakuna fundi wa kawaida atakayekubadilishia.

---

Mkwaju

Kwa heshima ya fundi, mimi sikubaliani moja kwa moja. Simu tano za zamani zisizo na laini, zikiwa mali ya shule na zinakaa ofisini, hazina tofauti na kamera. Picha za ndani ya darasa lenye giza simu itazipiga vizuri kuliko hizo Coolpix za zamani, na kuzichaji ni waya mmoja. Muhimu: toa laini, zima Wi-Fi, zima mahali pa GPS ndani ya kamera ili picha isibebe ramani ya shule, na futa programu zote zisizohitajika.

---

FundiLenzi

Kwenye giza uko sahihi, Mkwaju, sibishi. Mzozo wangu uko mikononi mwa mtoto wa miaka 10 au 11. Simu nyingi hazina tundu la mkanda wa mkononi, kioo ni upande mzima, na kitufe cha kugusa kinamfanya aishike kwa vidole vya mkono mmoja huku anaitikisa kwa mwingine. Betri ikiisha mikokoni huwezi kubadilisha. Na zumu ya simu nyingi za bei ya chini ni kukata picha tu. Lakini kama kamati ingekuwa na laki mbili badala ya milioni, ningesema kama wewe.

---

TichaSayansi

Vifaa fundi kamaliza. Nije kwenye darasa.

Kabla ya siku ya kwanza, weka namba 1 hadi 5 kwenye kila kamera kwa rangi ya kucha, na namba hiyo hiyo kwenye kadi, betri na mkoba wake. Kadi ya 3 haitoki kwenye kamera ya 3. Ukiruhusu kuchanganya, utakaa jioni nzima ukitafuta picha za nani ni zipi. Kwenye menyu weka mambo haya na uyaache hivyo hivyo: ukubwa wa picha 5M (megapikseli 5), zumu ya dijitali imezimwa, flashi imezimwa, tarehe na saa sahihi, na tarehe isiandikwe juu ya picha (ikishaandikwa haitoki). 5M inatosha. Faili huwa kama MB 2, TV yako ya kichogo haionyeshi hata nusu megapikseli, na picha ya saizi ya posta kadi inahitaji megapikseli 2 tu.

Kipindi cha kwanza dakika zote 40 ziende kwenye mambo mawili: mkanda na kubonyeza nusu. Mkanda unaingia mkononi kabla kamera haijatoka mkobani, na unatoka kamera ikisharudi mkobani. Anayepokea avae mkanda kabla anayetoa hajauvua. Hapo ndipo kamera nyingi huanguka, wakati wa kupokezana, siyo wakati wa kupiga.

Kubonyeza nusu: mtoto anabonyeza kitufe taratibu hadi kinapogoma kidogo, anasubiri kimraba kigeuke kijani na mlio usikike, ndipo anamalizia bila kuondoa kidole. Wakiachwa hivi hivi watachoma kitufe kwa pigo moja. Kamera inakosa muda wa kufokasi, na pigo lenyewe linaitikisa, kwa hiyo ukungu unatoka mara mbili kwa sababu mbili tofauti. Waonyeshe: viwiko vikae mbavuni, vidole visiguse mbele ya lenzi, pumzi ishikwe. Afanye mazoezi ya kubonyeza nusu mara kumi bila kupiga picha hata moja.

Katika kikundi cha sita wape kazi: mpigaji, mwandishi anayeandika namba ya picha na kilichopigwa, mshika rula, mtunza zamu, na wawili watafutaji. Kila mtoto ana picha sita, basi. Picha ya kwanza ya kila zamu ni ya karatasi yenye namba ya kikundi na jina la mpigaji. Hiyo itakuokoa mno, kwa sababu ukifungua folda kwenye kompyuta unaona karatasi, kisha picha sita, kisha karatasi nyingine. Hakuna kufuta nje. Watoto hufuta zile zenye kasoro, na hizo ndizo za kufundishia.

Kwa zoezi la kuotesha, usiwaambie "pigeni picha za mmea". Wape swali: shina linaongezeka kiasi gani kwa siku, na majani ya kwanza yanatoka siku ya ngapi? Halafu kila kitu kibaki vile vile isipokuwa mmea. Kunde kwenye kikombe, karatasi nyeupe nyuma yake, rula imesimama kando ya shina na sifuri ikiwa usawa wa udongo. Chora kwa chaki mahali pa kikombe na mahali pa kamera. Kata uzi wa sentimita 30: ncha moja kwenye kikombe, nyingine kwenye kamera. Kamera ikae juu ya mfuko mdogo wa mchanga uliofungwa vizuri ndani ya nailoni (mchanga na lenzi ni maadui, hakikisha hauvuji). Saa 4 asubuhi kila siku, siku kumi. Weka mizani ya rangi (kwenye menyu ni "white balance") kwenye alama ya jua badala ya kuiachia kamera iamue, la sivyo jani litaonekana kijani leo na njano kesho wakati halijabadilika.

Kwa wadudu na majani, washa alama ya ua, hiyo ndiyo ya kupiga karibu. Jambo ambalo halielezwi vya kutosha: kwenye kamera nyingi ndogo, alama ya ua inafanya kazi vizuri pale zumu ikiwa haijavutwa kabisa. Mtoto akivuta zumu kisha akasogea karibu, kimraba hakitageuka kijani, kitapepesa rangi ya njano au nyekundu. Arudishe zumu mwanzo, asogee yeye. Na akisogea sana, kivuli chake mwenyewe kinamfunika mdudu. Akae upande ambao jua halimpigi mgongoni.

Wakirudi darasani kila mtoto achague mbili kati ya sita na aandike sentensi moja kwa kila picha: inaonyesha nini ambacho hukukijua kabla? Hapo ndipo Sayansi ilipo. Kupiga ni dakika kumi, kuchagua na kuandika ni kipindi kizima.

---

WakiliMtaa_254

Niko upande wa Kenya ila hili linawahusu pia. Hakuna aliyegusa wazazi.

Kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na picha ya uso ni taarifa. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Tanzania mnayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo usiseme mambo ya Nairobi ni ya Nairobi.

Fomu iwe ya Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, na idhini zitenganishwe. Picha ya mtoto itumike darasani: ndiyo au hapana. Ibandikwe ubaoni shuleni: ndiyo au hapana. Iende WhatsApp, Facebook au mtandao wowote: ndiyo au hapana. Fomu yenye sahihi moja kwa yote ina udhaifu, maana mzazi aliyekubali darasani hajakubali Facebook. Aweke tarehe, na aelezwe kwamba anaweza kubadili mawazo.

Mtoto ambaye mzazi amekataa asivalishwe utepe wala kukaa kando. Orodha ibaki kwa mwalimu. Njia rahisi ni kuwapa wote kazi isiyohitaji uso: mikono inayopanda, nyayo kwenye matope, zana, majani. Hapo hakuna anayejulikana kuwa mzazi wake amekataa.

Watoto nao wawe na sheria zao. Hapigwi mtu chooni, anayebadili nguo, anayelia, wala anayeadhibiwa. Mtu mzima anaombwa kwanza, na akikataa anaachwa. Akibadili mawazo baada ya kupigwa, picha inafutwa mbele yake (hii tu ndiyo inaruhusu kufuta nje, Ticha). Kule mikokoni mtawakuta wavuvi na kina mama wanaookota chaza. Mwalimu atangulie kuongea nao, siyo watoto watano wenye kamera watokee ghafla.

---

MwlPangani

Asanteni sana, nimenakili yote. Maswali mawili ya nyongeza. Sare zetu ni shati jeupe, na picha tulizowahi kupigiwa na wageni nyuso za watoto zinatoka nyeusi tii, hata macho hayaonekani. Ni kamera mbovu au nini? Na hiyo TV ya kichogo naiunganishaje?

---

FundiLenzi

Siyo kamera mbovu. Kamera haijui inamwangalia nani. Inapima mwanga wa eneo zima na kulazimisha wastani wake uwe wa kijivu. Mashati meupe 30 na anga nyuma vinaiambia kuna mwanga mwingi mno, basi inapunguza. Shati linatoka kijivu, uso unatoka giza.

Rekebisha kwa utaratibu huu. Kwanza, wahamishe. Saa sita mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo. Wapeleke kwenye kivuli kizima cha mwembe au ukuta, siyo kivuli chenye madoa ya jua. Pili, anga isiwe nyuma yao, wala dirisha. Mpigaji na dirisha wawe upande mmoja. Tatu, tafuta kwenye menyu alama ya +/− na uipandishe hadi +0.7, ukiona bado basi +1. Shati likipoteza mikunjo yote na kuwa karatasi tupu, umezidisha, rudi hatua moja. Nne, kama lazima wapigwe mbele ya anga, lazimisha flashi iwake mchana huo huo, isiwe ya kujiamulia, na mpigaji awe ndani ya mita 2 au 3. Zaidi ya hapo flashi ya kamera ndogo haifiki.

Kumbuka kurudisha +/− kwenye 0 baada ya kazi, kamera nyingi huikumbuka hata zikizimwa. Ila kwa zoezi la kunde la Ticha iache kwenye +0.7, karatasi nyeupe nyuma ya kikombe ina tatizo lile lile la mashati.

TV: Canon na Nikon hizo za zamani zina tundu la kutolea picha, na waya wake una kichwa kidogo maalumu upande wa kamera na pini za njano na nyeupe upande wa TV. Uulizie huo waya siku ya kununua, baadaye ni shida kuupata. Njano iingie kwenye njano, TV iwekwe AV. Picha ikitokea bila rangi au ikiwa inapanda panda, nenda kwenye menyu ya kamera, mfumo wa video, ubadilishe kutoka NTSC kwenda PAL. Kamera za mtumba kutoka Japani na Marekani karibu zote huja zikiwa NTSC.

---

TichaSayansi

Nyongeza kuhusu kadi na kusafisha picha. Nunua kadi za aina ya SDHC, za GB 8 au 16. Kwa 5M, GB 8 inabeba picha zaidi ya elfu mbili, huhitaji zaidi, na kamera za zamani zinaweza kukataa kadi za GB 64 kwenda juu. Zipo kadi feki zinazojitangaza GB 128 huku zina 8: zinapokea picha bila kulalamika, kisha picha za mwisho hazifunguki. Ijaribu kadi kwa programu ya H2testw kabla ya kuipa mtoto.

Ukipeleka kadi steshenari, sukuma kile kitufe kidogo cha pembeni kiende LOCK kwanza. Kompyuta za steshenari zina virusi vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato, na kadi iliyofungwa kwa kawaida haiandikiki. Ikirudi kwenye kamera fungua, la sivyo kamera itagoma kupiga.

Tena, kamera hizi hupiga kwa uwiano wa 4:3 (upana kwa kimo) na karatasi ya posta kadi ni 3:2. Mashine itakata juu na chini, na kwenye picha ya kundi watakaokatwa vichwa ni wale warefu wa nyuma. Waachie nafasi juu, au uchague 3:2 kwenye menyu kama ipo.

---

FundiLenzi

Na utunzaji wa pwani, nimalizie. Mkitoka mikokoni, zile mbili za kuzuia maji zitumbukizwe kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo ya chumvi dakika chache, zifutwe, zikauke, ndipo mlango ufunguliwe. Unywele mmoja au punje ya mchanga kwenye mpira wa mlango inatosha kupitisha maji safari ijayo, kwa hiyo mpira ufutwe kila mara na kitambaa kisicho na nyuzi. Zile tatu za AA zisifike kwenye maji kabisa.

Zote zikae kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na pakiti za silika jeli, zile zinazobadilika rangi zikishiba unyevu. Zikibadilika zikaushe kwenye kikaango juu ya moto mdogo, rangi ikirudi zirudishe. Mchele hausaidii kitu. Mikoba ya ngozi au kitambaa kizito isiingie humo, inashika unyevu na kulisha fangasi.

Likizo ya Juni na ya Desemba toa betri za AA zote. Zile za lithiamu ziache zikiwa na chaji kama nusu, siyo zimejaa wala zimekwisha. Shule ikifunguliwa kamera za AA zitakuwa zimesahau tarehe, maana betri ndogo ya ndani inayotunza saa haidumu muda mrefu. Rekebisha saa za kamera zote tano kwa pamoja ukitazama saa moja, kabla ya picha ya kwanza.